Kizuri Hakijiuzi: Deni la Albamu ya Rodriguez

Katika mabaraza ya wapenzi wa muziki, jina la Sixto Rodriguez limegeuka hirizi. Msanii anayejitegemea akilalamika kwamba ametoa albamu kwa jasho lake na hakuna anayeinunua, hutulizwa kwa kisa cha kibarua wa Detroit. Huyo alirekodi albamu ya foki-roki iitwayo Cold Fact, ikatoka Machi 1970, Marekani ikaipuuza, naye akarudi kubomoa na kukarabati nyumba za watu. Hakujua kwamba huko Afrika Kusini vijana wa Kizungu walizijua nyimbo zake kwa moyo. Miaka ikapita. Mashabiki wawili wakamtafuta, wakamkuta hai, akaenda Cape Town akajaza ukumbi. Kisha ikaja filamu ya Searching for Sugar Man, ikatwaa tuzo ya Oscar mwaka 2013, na watu wakatoka sinema wakifuta machozi. Hapo msimuliaji hukutazama kwa ushindi na kupiga muhuri: umeona? Kizuri chajiuza.

Nasema hapana. Cold Fact ni albamu nzuri sana, na haikujiuza hata siku moja. Iliuzwa. Iliuzwa na makampuni yenye majina, kwa leseni zenye sahihi, kwenye kaunta za maduka, kwa fedha taslimu, kwa muda unaozidi robo karne, na aliyeitunga hakuletewa hesabu. Kuyaita hayo muujiza ni kuwasamehe watu wazima wenye daftari za mauzo, msamaha ambao wenyewe hata hawajauomba.

Tuanze na dai kwamba mtu huyu alikuwa amepotea. Aliyepotea hana anwani. Rodriguez alikuwa nayo: mwaka 1976 alinunua nyumba chakavu kwenye mnada mjini Detroit kwa dola 50, akaishi humo kwa miongo. Aligombea uongozi wa mji na wa jimbo zaidi ya mara moja, akashindwa. Lakini mgombea ni mtu ambaye jina lake limechapwa kwenye karatasi ya kura. Mwaka 1981 alipata shahada ya falsafa katika Chuo Kikuu cha Wayne State, papo hapo mjini. Mtu wa namna hiyo hupatikana kwa barua moja yenye stempu.

Na alipatikana. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Australia iitwayo Blue Goose Music ilinunua haki za kuuza kazi zake kule, ikazitoa upya na kuongeza mkusanyiko wa nyimbo zake bora. Zilipopokewa vizuri, waandaaji wa maonyesho walimfuata Detroit. Alizuru Australia mwaka 1979, akarudi tena mwaka 1981 na kupanda jukwaa moja na bendi ya Midnight Oil. Rekodi ya maonyesho yake huko ikatolewa kama albamu. Basi hadithi ya mtu aliyezeeka bila kujua kwamba ana mashabiki hata mmoja ng'ambo haina miguu. Miaka 19 kabla ya kukanyaga Cape Town, Rodriguez alikwisha kusimama mbele ya halaiki iliyokuja kwa ajili yake, upande wa pili wa dunia.

Hayo yote hayamo katika filamu. Malik Bendjelloul, Msweden aliyeitengeneza, aliiacha Australia nje yote, na si vigumu kuona kwa nini: muujiza haustahimili tiketi ya ndege ya mwaka 1979. Mtengeneza filamu ana uhuru wa kuchagua. Sisi ndio tuliokosea tulipoichukua simulizi yake tukaifanya historia, tena tukaanza kuitolea fatwa. Hata baada ya ziara ya Afrika Kusini ya Machi 1998, iliyokuwa na maonyesho sita, kisa kilishasimuliwa. Filamu juu ya ziara hiyo ilionyeshwa kwenye televisheni ya Afrika Kusini mwaka 2001. Mwaka huohuo rapa Nas wa New York alichukua kipande cha wimbo wa Sugar Man na kukitumia katika albamu yake ya Stillmatic. Mwaka 2008 kampuni ya Light in the Attic ya Seattle ilirudisha Cold Fact sokoni. Bendjelloul alipofika jukwaani mwaka 2012 na "ugunduzi" wake, waliokuwa wamekwisha kumgundua Rodriguez walitosha kujaza basi.

Watetezi wa muujiza hunijibu: lakini mashabiki wa Afrika Kusini kweli hawakujua, si ilivuma kwamba alijipiga risasi jukwaani, na wengine wakasema alijichoma moto? Ni kweli, ilivuma. Ila shabiki kutojua na kampuni kutojua ni mambo mawili. Shabiki hana faili. Kampuni inayochapa santuri ina mkataba kabatini, ina jina la aliyeipa leseni, ina mahali pa kupeleka hundi. Uvumi wa kifo ulimhuzunisha shabiki. Kwa mwenye duka ulikuwa nafuu, kwa sababu marehemu hapigi simu kuulizia chake.

Dai la pili ni kwamba Marekani haikuwa na masikio. Albamu ilikuwa kubwa kuliko wakati wake, husemwa, na wasikilizaji walikuwa wadogo. Hili nalo huliwaza wasanii wa leo, maana kila aliyekosa soko hupenda kuamini kwamba tatizo ni kalenda. Lakini tazama kampuni iliyoitoa. Sussex Records, iliyoanzishwa na Clarence Avant, ndiyo iliyotoa Ain't No Sunshine ya Bill Withers mwaka 1971, wimbo ambao hadi leo hupigwa kwenye harusi na kwenye matanga. Dennis Coffey, mpiga gitaa aliyeitayarisha Cold Fact pamoja na Mike Theodore, alipata wimbo wake mwenyewe uliovuma, Scorpio, kwa kampuni hiyohiyo na mwaka huohuo. Kwa hiyo mlango wa redio kampuni iliujua, na ufunguo ilikuwa nao. Wimbo mmoja ulibebwa hadi ndani, mwingine ukaachwa barazani. Tofauti ya Withers na Rodriguez haikuwa uzuri peke yake. Uzuri wote wawili walikuwa nao.

Na huo uzuri tuuangalie, maana wanaoshangilia muujiza mara nyingi hawaisikilizi albamu yenyewe. Wameambiwa ni mtu mmoja na gitaa lake, sauti ya unabii kutoka vichochoroni. Weka wimbo wa I Wonder. Kabla ya mwimbaji kufungua mdomo, unaanzia kwenye gitaa la besi, mstari wa noti chache unaotembea kwa madaha na kujirudia hadi mwisho, na ndio unaobaki kichwani siku nzima. Anayelipiga ni Bob Babbitt, mmoja wa wanamuziki waliotumikia studio za Motown. Coffey naye alitoka katika kundi hilohilo. Katika Sugar Man sauti ya Rodriguez imezungushiwa milio ya mashine inayopanda na kuyumba kama ya mtu aliyelewa, na hiyo ni kazi ya watayarishaji waliokaa mezani wakafikiri. Nyimbo mbili kati ya kumi na mbili, Hate Street Dialogue na Gommorah, hata si utunzi wake. Zimetungwa na Gary Harvey pamoja na Theodore na Coffey.

Sisemi haya kumpunguzia. Maneno ya nyimbo kumi zilizobaki ni yake, na ni maneno ya mtu aliyeujua mji. Alizaliwa Detroit Julai 1942, mtoto wa sita katika familia ya wafanyakazi wenye asili ya Meksiko, na jina Sixto linatokana na hiyo sita. Albamu ilirekodiwa mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya ghasia za Julai 1967 zilizoua watu 43 mjini humo. Ukijua hilo, wimbo wake wa Inner City Blues, uliotangulia ule wa Marvin Gaye wenye jina hilohilo kwa mwaka mzima, unaacha kuwa mashairi ya mtu mwenye njozi. Unakuwa taarifa ya mkazi. Na wimbo wenye jina refu kupita yote, ambao mwenyewe aliuita mlipuko badala ya wimbo, ni orodha ya malalamiko ya mlipa kodi: meya, wahalifu, takataka, vita. Huyu alikuwa mtu wa siasa za mtaa kabla hajawa mgombea.

Ninachosema ni kwamba albamu hii ni kazi ya karakana. Ilikuwa na studio iliyolipiwa, wapigaji wenye ujuzi, watayarishaji, kampuni na mkataba. Kitu kilichotengenezwa na watu wengi kwa ujira hakiwezi, kikifika sokoni, kugeuka ghafla kitu cha majaliwa. Kama kila mtu alikuwa na nafasi yake wakati wa kutengeneza, kila mtu ana nafasi yake wakati wa kugawana.

Dai la tatu ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalotugusa sisi wa upande huu wa Afrika: kwamba Cold Fact ilisaidia kuuangusha utawala wa Makaburu. Kwanza niutaje ukweli uliomo. Afrika Kusini ya wakati ule ilikuwa imejifungia na imefungiwa. Televisheni ilianza rasmi Januari 1976 tu. Tangu mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulikuwa umeyataka mataifa yakate uhusiano wa utamaduni na utawala huo. Kijana wa Kizungu aliyefundishwa kutii na kanisa, shule na jeshi, aliposikia mtu akiimba juu ya mapenzi, dawa za kulevya na unafiki wa wakubwa bila kutetemeka, alishtuka. Vijana waliolazimishwa kuvaa sare walibadilishana kanda za nyimbo hizo kambini. Katika filamu tunaonyeshwa santuri ya maktaba ya shirika la utangazaji la serikali: mfereji wa wimbo wa Sugar Man umekwaruzwa kwa makusudi kwa kitu chenye ncha, ili sindano ishindwe kupita na mtangazaji asiweze kuupiga hata kwa bahati mbaya. Wanamuziki wa Kiafrikana wa vuguvugu la Voëlvry, waliozunguka nchi mwaka 1989 wakiikejeli serikali yao kwa lugha yake yenyewe, walikua wakiisikiliza sauti hiyo. Haya nayakubali.

Lakini angalia kitu ambacho hakikukwaruzwa: duka. Albamu ilinyimwa redio, haikunyimwa kaunta. Utawala uliojua vizuri kunyamazisha wimbo uliiacha Cold Fact iuzwe miaka nenda miaka rudi, nyumba kwa nyumba, katika vitongoji vya Wazungu. Linganisha na walioonekana kweli kuwa hatari. Vuyisile Mini, mtunzi wa nyimbo za mapambano na kiongozi wa wafanyakazi, alinyongwa Novemba 1964. Miriam Makeba alinyimwa njia ya kurudi kumzika mama yake mwaka 1960, na baada ya kutoa ushahidi mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963 rekodi zake zikapigwa marufuku nchini mwake. Serikali inayonyonga mtunzi mmoja na kumwachia mwingine rafu za duka imeshatupa maoni yake kuhusu ni yupi anayeitikisa.

Nasi Watanzania hatuhitaji filamu ya Sweden kutuambia muziki uliobeba mapambano ulikuwa upi. Mwaka 1969, mwaka uleule Rodriguez alipokuwa studio Detroit, ANC ilifanya mkutano wake mkubwa wa ushauri Morogoro. Baadaye, papo hapo Morogoro, kule Mazimbu, ikajengwa shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Aprili 1979. Nyimbo zilizoimbwa na wakimbizi wa Mazimbu zilikuwa za kwaya, za miguu inayokanyaga kwa pamoja, nyingi hazina jina la mtunzi mmoja. Kuipa albamu ya Detroit ushindi wa watu wale, kwa sababu tu ndiyo iliyopata kamera, ni dhuluma nyingine juu ya dhuluma. Rodriguez mwenyewe hakuuomba ushindi huo. Amevishwa.

Sasa tufike kwenye fedha, mahali ambapo wasimulizi wengi huanza kuangalia saa. Albamu hubeba haki mbili. Moja ni ya rekodi, yaani sauti iliyonaswa, ambayo kwa kawaida hushikwa na kampuni. Nyingine ni ya utunzi, yaani maneno na muziki, ambayo mtunzi huikabidhi kwa kampuni inayosimamia tungo zake. Kampuni ya nchi nyingine ikitaka kuchapa albamu, huomba leseni kwa mwenye rekodi na kumlipa asilimia ya mauzo. Huyo naye, kwa mujibu wa mkataba wake na msanii, hujirudishia gharama zake kwanza, kisha humkatia msanii fungu. Mtunzi hulipwa kwa njia ya pili, nayo ina mikono yake. Kila kituo kina mtu, kila mtu hukata chake, na mwenye wimbo ndiye wa mwisho kwenye foleni. Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi.

Filamu yenyewe, kwa heshima yake, iliuliza swali hilo. Hutajwa humo nakala kama nusu milioni zilizouzwa Afrika Kusini. Watu wa makampuni ya kule walisema mrabaha waliupeleka Marekani, kwa Sussex. Avant alipofikiwa aligeuka mkali, akaona ajabu kusumbuliwa kwa mkataba wa mwaka 1970. Sussex ilikuwa imefungwa tangu mwaka 1975. Hapo kamera ikaondoka, ikarudi kwenye theluji ya Detroit na kwenye machozi. Ilikuwa imegusa mlango wenyewe wa kisa hiki, ikaona wimbo unaofuata ni mtamu zaidi.

Mlango ulifunguliwa kidogo na mahakama. Kabla ya Sussex, Rodriguez alikuwa na mkataba wa utunzi na kampuni ya Gomba, ya Harry Balk, mtu aliyemtolea wimbo wake wa kwanza mwaka 1967. Kwenye Cold Fact nyimbo zake zikaandikwa kwa majina mengine, Jesus Rodriguez na Sixth Prince. Mwaka 2014 Gomba ilimshtaki Avant katika mahakama ya shirikisho ya Michigan, ikidai kwamba majina hayo yalikuwa mbinu ya kuukwepa mkataba wake. Avant alizipinga tuhuma hizo. Hoja yangu haimhitaji mwizi mmoja wa kunyooshewa kidole. Yatosha kuona kwamba palikuwa na mikono mingi baina ya kaunta ya Johannesburg na nyumba ya dola 50, na kwamba kila mwenye mkono alikuwa na maelezo, isipokuwa aliyekuwa na nyimbo. Mfumo wa namna hii hauhitaji mtu aibe ili mtunzi alale njaa. Unahitaji tu kila mmoja aseme: mimi nilishapeleka kwa mwenzangu.

Nasi tusimcheke mtu. Wimbo wa Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, umezunguka dunia kuliko nyimbo nyingi za Kiswahili. Huyohuyo Makeba aliuimba, akauimba na Harry Belafonte. Boney M nao wakautia kwenye albamu yao. Kama uzuri ungekuwa unajiuza na kurudi nyumbani na chenji, familia za waliohusika na wimbo huo zingekuwa na maghorofa. Badala yake tulirithishwa mabishano ya nani aliutunga, Fadhili William au Adam Salim, mabishano ambayo karatasi moja iliyosajiliwa kwa wakati wake ingeyazima. Malaika haukukosa wanunuzi. Ulikosa mlinzi wa hesabu.

Ninajua jibu linalokuja sasa, kwa kuwa ndilo lenye sura nzuri kuliko yote: mbona mwenyewe hakulalamika? Rodriguez aliishi kwa upole, akafanya kazi za mikono bila manung'uniko, na fedha za maonyesho zilipokuja, wanaomjua wanasema aliwagawia wengine, yeye akabaki katika nyumba ileile. Oscar ilipotolewa, hakwenda hata ukumbini, asije akawafunika waliotengeneza filamu. Si huu ndio utajiri wa kweli? Mvumilivu hula mbivu.

Jibu hili linanikera kuliko yote, kwa sababu linachukua tabia njema ya mtu na kuifanya risiti. Upole wa mdai haupunguzi deni hata senti. Tena ni upole uliosomwa vibaya. Mtu aliyegombea uongozi mara kadhaa katika mji uliokuwa ukifa si mtu aliyeridhika na dunia ilivyo. Mtu aliyesoma falsafa hadi shahada huku akilea watoto na kubomoa kuta anajua vizuri nini maana ya haki. Alichokataa ni kujililia mbele ya kamera. Sisi tukakichukua kimya chake, tukakiandika jina la uchamungu, tukakitundika ukutani ili kiwafundishe maskini wengine adabu. Na angalia kwamba uvumilivu huu huhubiriwa kwa mwimbaji peke yake. Sijasikia mtu akimwambia mwenye kampuni ya santuri avumilie miaka 27 bila kupelekewa mauzo yake.

Pengine utaniambia kwamba bila ile filamu ninayoilaumu, hata hicho kidogo asingekipata. Hilo ni kweli, na namshukuru Bendjelloul kwa hilo. Baada ya mwaka 2012 Rodriguez alipanda majukwaa makubwa. Mwaka 2013 alikuwa Glastonbury, Uingereza, na albamu zake ziliingia kwenye chati za nchi ambazo hazikuwahi kumsikia. Lakini maonyesho hayo ni ujira wa kazi aliyoifanya akiwa na miaka 70, macho yameshafifia, anashikwa mkono kupelekwa kwenye kipaza sauti. Aliimba, akalipwa kwa kuimba. Deni la miaka ya 1970 na 1980 ni jingine, na halikulipwa kwa makofi. Mwenye mwembe akilipwa leo kwa embe za leo, haina maana kwamba zile zilizochumwa usiku kwa robo karne zilikuwa sadaka.

Wote wawili wametutoka Agosti 2023, Rodriguez tarehe 8 na Avant tarehe 13. Mashahidi wanapungua, na hadithi itazidi kuwa laini kadiri wanaoweza kuipinga wanavyozikwa. Ndiyo sababu naandika sasa. Kisa kikiachwa kilivyo kitaendelea kutumika kama kinavyotumika: kumtuliza msanii wa Mwanza, wa Mombasa au wa Bujumbura anayepanga nyimbo zake kwenye mtandao, akaziona kwenye matangazo ya biashara ambayo hakuulizwa, akaambiwa afurahi kwamba anasikika. Atasikika, hapana shaka. Rodriguez alisikika pia.

Nasaha inayofaa ni nyingine, na haina mvuto wa filamu. Andika jina lako halisi kwenye kila wimbo, na la kila aliyeshiriki, na fungu la kila mmoja, kabla hamjatoka studio. Sajili kazi yako. Tanzania kuna ofisi ya hakimiliki, COSOTA, Kenya kuna vyama vya kukusanya mirabaha, na kama havitimizi wajibu, vidaiwe kwa barua na si kwa manung'uniko ya vijiweni. Katika mkataba soma kwanza kifungu kinachohusu nchi za nje, kwa kuwa hapo ndipo Cold Fact ilipokatikia. Weka haki ya kukagua daftari za kampuni, na itumie hata mwaka ambao unaamini hujauza kitu. Mwaka ambao unaamini hujauza kitu ndio wa kukagua zaidi. Yote haya yasingeiongezea Cold Fact hata noti moja. Yangemwezesha tu aliyeitunga kununua nyumba yenye paa zima.

Na sisi wasikilizaji tuna sehemu yetu. Tunapenda hadithi ya kipaji kilichofichika kwa sababu inatutukuza: sisi ndio tuliosikia, sisi ndio tuliomwokoa. Mashabiki wa Afrika Kusini walimpenda mtu yule kwa dhati, na upendo wao ndio uliomrudisha jukwaani. Lakini wengi walikuwa wameinunua santuri na kuinakili kanda miaka mingi kabla mmoja wao hajauliza fedha zinakwenda wapi. Swali hilo lingeulizwa mwaka 1975, hakungekuwa na filamu. Kungekuwa na mwanamuziki wa Detroit mwenye albamu tano au sita badala ya mbili za studio, na huo ndio ungekuwa ushindi wa uzuri. Dawa ya deni ni kulipa. Atakayekuambia tena kwamba kizuri chajiuza, muulize muuzaji ni nani, na umwambie alete daftari.